Tulivyosimama Kila Kichaka, Elwak Hadi Garissa

Mlioniuliza kama ni kweli nilikaribia kujifungulia njiani, jibu ni hapana. Mlioniuliza kama ni kweli gari la Abdi lilisimama kila kichaka kwa sababu ya kibofu cha Habo Shamsa, jibu lake ni refu, na ndilo hili. Nimeamua kuandika kwa sababu kusimulia kwa simu kumenichosha, na hasa kwa sababu kila anayenipigia hucheka mahali pasipofaa.

Kwa wale wa Voi ambao hawajafika kwangu: mimi nafundisha Elwak, mume wangu Mwadime anafanya kazi Garissa, na kati yetu kuna nyika ambayo ukiitazama dirishani asubuhi, mchana bado unaitazama ileile. Mpango wetu ulikuwa nifunge shule, niende Garissa nikajifungulie huko alipo baba wa mtoto. Mimba ilikuwa imeingia mwezi wa tisa kasoro kidogo. Habo Shamsa akasema hataniacha niende peke yangu, hata nikimpigia magoti.

Elwak hadi Wajir: midomo mikavu

Habo Shamsa ndiye mwenye nyumba ninayopanga. Habo maana yake ni mama mdogo, na mji mzima humwita hivyo, hata wanaomzidi umri. Anauza vitambaa na mbuzi, ana ulimi mkali kama pilipili, na ana sifa moja inayojulikana toka Mandera mpaka Garissa: hasimamishi gari.

Lazima niwaeleze hili mlielewe. Watu wa huku ni wafugaji, na hata aliyefungua duka anabaki na tabia za kuhama na ngamia. Kwao msafiri wa kweli hufunga kinywa. Maji ni ya watoto na mifugo, na mtu mzima anayekunywa ovyo njiani huonekana hajiwezi. Kwa mwanamke lipo la ziada. Akinywa itabidi ashuke, na akishuka, wanaume wote garini wanajua ameshuka kufanya nini, tena kwenye nyika iliyo tambarare kama meza. Basi wanawake hawanywi. Husemwa kwamba Habo aliwahi kutoka Mandera hadi Nairobi bila kumwambia dereva asimame. Husemwa na wengi, lakini zaidi na yeye mwenyewe.

Nami nilikuwa mwanafunzi wake. Mwaka wangu wa kwanza nilikuwa mtu wa chupa ya maji mkononi, na Habo akinicheka. Taratibu nikajifunza. Shuleni choo kiko mbali, jua ni la kuchoma, nikaona heri nisinywe. "Maalim, sasa wewe umekuwa Msomali kabisa," akaniambia siku moja, nami nikajiona kama niliyefaulu mtihani mkubwa.

Kabla hatujaondoka, muuguzi wa zahanati alinipima tumbo kwa utepe, akakunja uso kidogo. Akasema tumbo ni dogo kuliko miezi yake, kwa hiyo nipitie Wajir nipigwe picha ya tumbo kabla ya kuendelea. Alisema kwa upole, nami nikalipokea kwa upole. Nikanywa kikombe kimoja cha chai alfajiri, tukapanda Landkruza ya Abdi, ambaye ni mpwa wa Habo. Mimi nilikaa mbele na tumbo langu. Nyuma alikaa Habo, Mzee Gabow mfanyabiashara wa ngamia mwenye ndevu za hina, na mwenzake ambaye alilala safari nzima na hatajwi tena.

Kizuizi cha kwanza kilituchelewesha sana. Polisi aliwashusha wote akakagua vitambulisho vyao kimoja kimoja, lakini mimi hakuniuliza hata jina. "Mama, wewe kaa tu, utachoka," alisema, kisha akanipa chupa ya maji baridi. Niliona aibu kukaa kivulini huku Habo, mwenye umri wa mama yangu, akisimama juani kuthibitisha kwamba ni Mkenya. Nikamrudishia chupa. "Asante afande, sina kiu." Habo aliponiona nimekataa, alitabasamu meno yote. Nilikuwa na kiu ya kufa.

Wajir: daktari anauliza swali

Wajir tulikula wali na nyama ya mbuzi, na pembeni ya sahani yangu wakaweka ndizi mbivu. Nikaihifadhi ndizi niile mwisho, kama watu. Mhudumu alipita mara tatu akaniuliza chakula kina kasoro gani. Mwishowe Mzee Gabow hakuvumilia, akanyoosha mkono, akaimenya ndizi yangu na kuikata juu ya wali. "Kula bamoja," aliniamuru. Nikala pamoja. Ilikuwa tamu kuliko nilivyotaka kukubali.

Kwenye picha hakukuwa na kicheko. Daktari alikuwa binti mdogo mwenye sauti ya taratibu. Alizungusha kile kifaa tumboni muda mrefu, akarudia palepale, kisha akaniambia maji ya chupa ya uzazi yamepungua. Akanieleza kwamba mtoto huogelea kwenye maji hayo, humo hujizoeza kupumua, na maji hayo ndiyo huikinga ile kamba ya kitovu isibanwe. Yakipungua sana, kamba inaweza kubanwa, na mtoto akakosa hewa. Alihakikisha chupa haijapasuka na maji hayavuji. Presha yangu ilikuwa nzuri. Moyo wa mtoto ulikuwa ukidunda vizuri, tena kwa haraka, kama mtu anayepiga mlango.

"Kwa sasa yuko salama," alisema. "Lakini hana nafasi ya kuchezea. Leo umekunywa nini?"

"Chai."

"Saa ngapi?"

"Alfajiri."

Alitazama saa ukutani. Ilikuwa alasiri. "Kwa nini?"

Nikamtazama Habo. Habo akatazama dari.

Daktari akasema kunywa maji si dawa ya kila kitu, na wapo akina mama wanaokunywa vizuri na bado maji yanapungua. Lakini mama aliyekauka hana cha kumpa mtoto. Alinilaza siku ile anichunguze, na kesho yake asubuhi akaniambia ninaweza kubaki Wajir au kuendelea mpaka Garissa kwa mume wangu, mradi niende moja kwa moja hospitali, ninywe kidogo kidogo njia nzima, nikilala nilale ubavu wa kushoto, na nimsikilize mtoto. "Akinyamaza, usingoje," alisema.

Nje Habo alikaa juu ya jiwe, mtandio ukiwa mdomoni.

"Mimi nilikufundisha fibaya, Maalim," alisema mwishowe.

"Hukunifundisha vibaya, Habo. Mimi ndiye niliyejifunza kupita kiasi." Kisha nikaanza kulia, na sikulilia maji. Nilimwambia kwamba nikinywa, itabidi nishuke kila mara. Nimsimamishe Abdi mbele ya wale wazee, niseme kwa mdomo wangu nataka kushuka nyikani, na tumbo hili lote? Naona haya. Najua ni upuuzi na mtoto yuko hatarini, lakini naona haya.

Habo aliinuka, akaenda sokoni, akarudi na mtungi wa maji, chupa ya chai na kikombe cha bati. Tukapanda gari.

Wajir hadi Habaswein: ugonjwa wa ghafla

Hatukwenda mbali. Nilikuwa nimekwisha kunywa vikombe viwili na nimebana miguu, nikitazama mbele kama askari, mara sauti ikatoka nyuma.

"Abdi! Simama!"

Abdi alidhani ni tairi. "Nini, Habo?"

"Mimi nataka kushuka. Kibofu yangu imezeeka."

Mzee Gabow aligeuka polepole. "Shamsa? Wewe?"

"Mimi. Allah amenionyesha uzee. Maalim, twende unisindikize, naogoba nyoka."

Tukashuka. Habo alitandaza mtandio wake mpana kama pazia, akaniambia nianze mimi kwa kuwa nimeshafika hapo. Nilipomaliza akanifukuza: "Tangulia kwenye gari, usisimame kwa jua." Nikatangulia. Baada ya kitambo akaja, akiburuta miguu na kulalamika juu ya uzee.

Ikawa ndiyo desturi. Habo alimimina maji, akasema bismillahi, akakipeleka kikombe mdomoni mwake kwanza, kisha akanipa. Kikombe alichokionja mkubwa hakikataliwi, nikawa nakunywa mpaka tone la mwisho. Baada ya muda mfupi kibofu chake kingeamka, nami ningemsindikiza. Moyoni nilimshukuru Mungu kwa ugonjwa wa Habo, kisha nikajiona mbaya kwa kushukuru, maana mjomba wangu alianza hivyohivyo na ikaja kuwa sukari.

"Habo, hapa si mahali ba kusimama," Abdi alilalamika mara moja, na alikuwa na haki, kwa kuwa njia ile haisimamwi ovyo kwa hofu ya majambazi. "Ngoja tufike kwa askari."

"Basi enda. Lakini kiti yako usinilaumu."

Abdi akasimama. Mzee Gabow alikuwa amekwisha kupata burudani ya maisha yake. "Mtungi wa Shamsa umetoboka," alisema, akapiga paja. "Mandera mpaka Nairobi! Wallahi, Elwak hawataniamini." Habo alivuta mtandio usoni. Nilimwona ameumia, maana mtu huumia anaponyang'anywa jina lake.

Kwenye lagha

Karibu na Habaswein tulikuta mstari wa magari. Mvua ilikuwa imenyesha huko juu, na ile lagha, mkondo ambao mwaka mzima ni mchanga mtupu, ilikuwa imejaa maji mekundu yanayokimbia na matawi. Nililitazama lile fujo la maji nikacheka peke yangu. Yalikuwa mengi hivyo, na hayakuweza kunifaa kitu.

Tulikaa. Wa mbele yetu alikuwa Mutiso, Mkamba wa Kitui anayeendesha lori la maji, siku hiyo likiwa tupu. Alinipa mkeka na kivuli cha lori lake bila kuuliza swali. Hapo ndipo nilipotambua kwamba tangu tuondoke Wajir mtoto hajacheza.

Nilibonyeza upande mmoja. Kimya. Nikabonyeza mwingine. "Habo," nilisema, "amenyamaza."

Habo alinilaza ubavu wa kushoto pale pale. Hakupiga kelele. Alimwita mama mmoja mfugaji aliyekuwa akingoja upande wetu na ngamia wake, wakaongea upesi, na yule mama akaja na kibuyu cha maziwa kinachonukia moshi. Mimi nikanyoosha mkono ninywe hivyohivyo. Habo akaupiga. "Isichemshwe kwanza? Daktari wa Wajir anione mjinga mara ya bili?" Mutiso akawasha jiko lake la safari. Wakapika chai ya maziwa ya ngamia, sukari tele. Gari la Abdi lilikuwa limebanwa kwenye mstari, akatafuta anayeweza kuturudisha Wajir haraka, na akampata. Tukakubaliana ninywe, nipumzike kidogo, na nisipomsikia tugeuze bila kujadiliana.

Mzee Gabow, yule mcheshi, aliwakusanya wanaume wote akawapanga kando wakitupa mgongo, kisha nikamsikia akisoma dua kwa sauti ya chini. Mutiso akavua kofia. Yule mama mfugaji alikaa karibu na miguu yangu akiipapasa, akiamini kabisa kwamba mimi ni mke wa Abdi na kwamba Habo ni mavyaa wangu. Hakuna aliyekuwa na nguvu za kumsahihisha.

Nilikunywa kikombe cha kwanza nikilia, cha pili nikiomba. Mkono wa Habo ulikuwa tumboni pangu. Nilikuwa sijui kama nimpe mtoto jina ili Mungu amjue, au nisimpe ili nisiumie zaidi.

"Amenibiga!" Habo aliruka. "Amenibiga teke, huyu mshenzi!"

Kisha akarudia, upande wa mbavu, kwa nguvu ya mtu aliyeamshwa bila ridhaa yake. Mzee Gabow akasema alhamdulillahi, Mutiso akasema Bwana asifiwe, wote kwa wakati mmoja, wakatazamana wakacheka. Mimi nilicheka mpaka nikabanwa, na Habo, kabla sijafungua mdomo, akatangaza kwa sauti kwamba kibofu chake kimeanza tena.

Maji yalipopungua, lori la Mutiso liliingia kwanza kupima kina, nasi tukafuata mistari ya matairi yake hadi ng'ambo.

Modogashe hadi Garissa: kichupa

Kutoka Modogashe sikumbuki sana. Nilimhesabia mtoto kila teke kama mtu anayechuma matunda. Tulisimama, tukanywa, tukashuka, tukapanda. Jua lilikuwa halijazama tulipofika hospitali Garissa, na Mwadime akanikumbatia mbele ya watu wote, jambo ambalo Mzee Gabow alilisamehe kwa kutazama mbali.

Walinisikiliza moyo wa mtoto, ukawa unadunda vizuri. Muuguzi aliponipa kichupa cha mkojo, nikamnong'oneza kwamba huyu mama niliyekuja naye ni mgonjwa, kibofu hakimtulii tangu Wajir, tafadhali ampime sukari. Muuguzi akampa Habo kichupa chake. Habo alibisha, akashindwa, akaenda.

Alikawia sana. Mwadime akataka kumtuma mtu. Mwishowe akarudi, akakiweka kichupa mezani. Kilikuwa kikavu kama alivyopewa.

"Mama, kwani umekunywa nini leo?" muuguzi aliuliza.

Habo akatazama dari, kama alivyoitazama ile ya Wajir.

Hapo ndipo nilipoiona midomo yake. Ilikuwa imepasuka, myeupe kwenye mikunjo. Kile kikombe cha bati, kila alipokipeleka mdomoni, hakumeza hata tone. Wala hakuwahi kushuka kwa haja yake, hata mara moja.

"Kama tungelala kwenye lagha, nani alijua?" alisema kwa hasira, kana kwamba mimi ndiye mwenye makosa. "Maji ilikuwa ya mtoto."

"Na kushuka, Habo? Kibofu?"

"Wewe ulikuwa na haya." Alikunja mtandio wake. "Mimi haya yangu imezeeka."

Si kweli. Namjua. Nilimshika nikalia begani kwake, na muuguzi akamletea jagi la maji akamsimamia mpaka akalimaliza, huku Habo akinung'unika kwamba Garissa maji yao hayana ladha.

Aliniapisha pale pale nisimwambie mtu. Watu wacheke, alisema, kicheko hakiui.

Wadi: maji marufuku

Walinikagua kila siku. Maji hayakujaa, lakini hayakupungua tena, na daktari akasema kila siku mtoto aliyokaa tumboni ilikuwa faida. Mimba ilipotimia wakaamua kuuanzisha uchungu. Mara moja moyo wa mtoto ulipunguza mwendo, mkunga akanigeuza ubavu upesi, ukarudi. Sitawasimulia mengine, waliozaa wanajua, wasiozaa wasiogope bure. Alitoka msichana, mdogo, mwenye mikunjo kama kizee, akalia kwa ghadhabu. Walimlaza kifuani pangu, ngozi kwa ngozi, akakaa hapo siku nyingi apate joto, akinyonya kila alipoamka. Tulimwita Neema.

Habo alikuja na kikombe na kijiko: maji ya sukari, kwa ajili ya mgeni. Muuguzi akamzuia mlangoni.

"Miezi sita, mama. Maziwa ya mama yake tu."

"Hata tone moja la maji?"

"Hata tone."

Habo alisimama na kijiko chake, akatutazama sote. "Juzi maji, maji, maji. Leo maji ni haramu. Hosbitali yenu ina mambo." Kisha akanigeuzia mimi ule ukali wote, akaninywesha yale maji ya sukari mpaka kikombe kikaisha.

Kurudi Elwak

Likizo ya uzazi iliisha, na Neema akawa na mashavu. Habo alikuja tena Garissa kutuchukua. Gari lilikuwa lilelile la Abdi, na Mzee Gabow naye, ndevu zimetiwa hina mpya. Hadithi ya kibofu ilikuwa imetutangulia. Kwenye hoteli ya Modogashe, mwenye hoteli alimwonyesha Habo choo kabla hata ya kumsalimu. Habo alivuta mtandio akanyamaza, na mimi, kwa kuwa niliapa, nikanyamaza pia.

Tulipita Habaswein. Lagha ilikuwa mchanga mtupu. Ninanyonyesha siku hizi, na anayenyonyesha hunywa. Mtungi wa pembeni yangu ulikuwa nusu.

"Shamsa," Mzee Gabow aliita, akikonyeza, "tusimame? Au tungoje kichaka kikubwa?"

Wakacheka. Habo akatazama dirishani.

"Abdi, simama," nilisema.

Abdi alipunguza mwendo. "Ni Habo?"

"Ni mimi. Nimekunywa maji na nataka kushuka. Na safari ile pia ilikuwa ni mimi, kila mara, toka Wajir mpaka Garissa. Habo hakushuka hata mara moja. Hakunywa hata tone."

Gari likasimama. Mzee Gabow alifungua mlango wake, akashuka, akatembea mbele ya gari hatua kadhaa, akasimama akitupa mgongo, mikono nyuma, kama siku ile ya dua.

Nilimpa Habo mtoto. "Habo, hushuki?"

"Mimi?" alisema kwa sauti ya kumfikia Mzee Gabow kule alikosimama. Akamweka Neema begani, akaketi sawasawa. "Mimi nishuke nifanye nini?"